Gari Liondokalo Polepole

Nasra alikuwa na kibanda chake Makiso, mjini Kisangani, nyuma ya maduka ya vitambaa, mahali ambapo moshi wa jenereta hautoki mpaka mvua inyeshe. Alitengeneza redio, simu, taa za sola na chochote kingine chenye waya ndani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Watu wa soko walikwisha kuzoea kumwona ameinama juu ya meza huku chuma cha kulehemu kikifuka, wala hawakushangaa tena kwamba fundi ni mama.

Aliyemletea lile sanduku ni Alexis, mfanyabiashara wa viatu. Alikuwa amejinunulia Guangzhou gari la kuchezea la kuendeshwa kwa remote, mtu mzima na kitambi chake, na siku ya kwanza tu akaligongesha kwenye ukingo wa mtaro. Bodi ilipasuka, fremu ikakatika katikati. Alimwambia Nasra abaki nalo atoe vipuri, akaenda zake akijicheka. Nasra alifungua sanduku akitegemea takataka. Akakuta mota nzima, yenye nguvu kuliko alivyodhani, na kidhibiti chake cha mwendo, na kimota kidogo cha kugeuza magurudumu ya mbele, na kipokezi cha redio, na remote yenyewe. Alivipanga mezani kimoja kimoja, na kabla hajafika mwisho alikuwa ameshajua atavifanyia nini.

Baba yake, Papa Lukumani, alikuwa dereva wa lori karibu maisha yake yote, njia ya Banalia mpaka Buta, akileta kahawa na mchele Kisangani na kurudisha chumvi, sabuni na vitambaa. Mwaka uliotangulia kiharusi kilimpiga, kikamlaza mkono na mguu wa kulia. Watoto wa Nasra walikuwa wamekwenda kusoma Kinshasa, kwa hiyo yeye akahamia tena Kabondo, katika nyumba aliyozaliwa, ili amtunze. Asubuhi alimtoa barazani, jioni akamrudisha ndani. Fimbo ya kutembelea waliyopewa hospitali ilisimama pembeni ya mlango bila kuguswa. Mzee hakulalamika. Hakusema mengi vilevile. Pikipiki zikipita barabarani alizisikiliza, na mara mojamoja alitikisa kichwa, kumaanisha kwamba huyo aliyepita amebadilisha gia kabla ya wakati.

Nasra aliona kwamba kama baba yake hawezi kuifuata tena njia, basi gari linaweza kuletwa uani. Na gari lenyewe halikuwa la kuulizia. Ni Tosepela.

Tosepela lilikuwa lori la baba yake, Mercedes la pua ndefu, la kijani, na jina hilo la Kilingala, yaani tufurahi, lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyeupe juu ya kioo cha mbele. Nasra akiwa na miaka tisa, wakati wa likizo kubwa, baba yake alimpandisha humo wakaenda pamoja mpaka Banalia. Hakuwahi kupata safari nyingine kama ile. Alikumbuka kuamka Bengamisa na kupewa ndizi ya kuchoma yenye majivu bado. Alikumbuka foleni ya malori wakingojea kivuko kwenye mto Aruwimi, na madereva wakioga pamoja wakipigiana kelele kama watoto wa shule, na baba yake, mtu mkali nyumbani, akiogelea chali huku akiimba. Walilala juu ya magunia ya kahawa. Nguo zake zilibaki na harufu ile, kahawa na mazuti ya lori, na mama yake alipotaka kuzifua Nasra alilia.

Na honi. Honi ya Tosepela ilikuwa na sauti mbili, moja nene, moja nyembamba, zikitoka pamoja. Lori likifika kwenye kona ya mtaa baba alikuwa akiipiga, na Nasra, popote alipokuwa, alikuwa akiacha alichoshika na kukimbia.

Alijenga Tosepela dogo kwa wiki nyingi, mchana, kazi ya wateja ikipungua. Fremu aliiunda kwa aluminiamu ya madirisha ya zamani. Ekseli ya nyuma aliitoa kwenye gari la Alexis. Matairi aliyachonga kutoka mpira wa tairi la pikipiki, na bodi akaikata kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, akaipinda, akailehemu, akaipaka kijani. Jina aliliandika kwa mkono, amevaa miwani, amezuia pumzi. Remote nayo aliifungua na kuipanga upya, maana ilitaka mikono miwili: yeye aliunganisha waya ili kijiti cha kushoto peke yake kiendeshe mbele na nyuma na kugeuza kulia na kushoto. Mkono wa kushoto wa baba ulikuwa mzima.

Siku alipolileta nyumbani, refu kama mkono wa mtu mzima, mzee alilitazama kwa muda mrefu. Akasema kwamba limefanana. Hilo tu. Nasra alikuwa ametegemea zaidi, lakini alijiambia kwamba ugonjwa umemfunga uso. Akaliweka chini uani, akamtia remote mapajani, akamwonyesha kijiti.

Papa Lukumani alikisukuma kidogo. Gari liliruka mbele kama limepigwa teke, pua ikainuka juu, likatua, likaruka tena. Mara ya tatu ikasikika sauti ya kukwaruza, kisha mota ikalia peke yake, magurudumu yamesimama.

Nasra alikimbilia gari akaligeuza. Gia kubwa, ile ya plastiki inayoshikana na gia ndogo ya mota, ilikuwa imenyolewa meno upande mmoja.

"Iko inaruka," mzee alisema. "Gari haiondokake hivi. Uliweka embrayage?"

"Hapana, papa. Hii moteri ni ya courant, ya umeme. Haiombe embrayage."

"Inaomba," alisema. "Moteri yako inapiga ile meno kama nyundo. Kati ya moteri na magurudumu lazima kitu kikubali kuteleza kidogo. Kama hakuna, kile kilicho dhaifu kinakufa. Bon, leo ni meno. Kesho itakuwa ekseli."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima. Nasra alisahau hasira. Alikaa chini kwenye mkeka, gari mapajani, akamwuliza hiyo embrayage, yaani klachi, ya lori ilikuwa imekaaje, na baba yake, kwa mkono wake mmoja, akamwonyesha kwa sahani mbili za chai na kipande cha kitambaa katikati: hii inazunguka, hii inangojea, ukizikandamiza zinakwenda pamoja, ukizilegeza moja inateleza juu ya nyingine.

Katika gari dogo jambo hilo lilitaka kazi ya chuma. Nasra alikwenda kwa Édouard, mtu wa Isangi aliyekuwa na mashine ya kukereza karibu na bandari ya mto, ambaye zamani alikuwa akiwachongea madereva wa malori vipuri visivyopatikana. Édouard alisikiliza, akachora kwa chaki juu ya benchi, akafuta, akachora tena. Alimkerezea sahani mbili ndogo za aluminiamu na shafti yenye uzi wa nati mwishoni. Aliposikia kazi ni ya Papa Lukumani alikataa kuzungumza habari ya malipo, akatuma salamu, na akamwongezea gia kubwa mpya ya nailoni aliyoichonga siku hiyohiyo.

Sehemu nyingine alizitafuta Nasra mwenyewe. Gia kubwa aliiacha izunguke huru juu ya shafti, akaiweka katikati ya sahani mbili. Kati ya gia na sahani alitia vipande alivyovikata kwenye klachi kuukuu ya pikipiki, vile vyenye kushika. Nje yake akaweka springi kutoka kwenye kabureta, na mwisho kabisa nati. Ukikaza nati, springi inabana, sahani na gia vinakwenda pamoja. Ukilegeza, vinateleza. Mota ikivuta kwa ghafula, klachi inateleza kidogo kwanza, halafu inashika, na meno yanapona.

Kazi ngumu ilikuwa kuijua hiyo nati ikae wapi. Mara ya kwanza aliikaza mno, gari likaruka kama zamani. Akailegeza, gari likasimama pale pale likinung'unika, na moshi mwembamba ukatoka. Harufu ilipofika barazani mzee alivuta pua.

"Hapo umeunguza disque ya embrayage," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu augue Nasra alimwona akicheka. "Ile harufu! Mlima wa kutoka kivuko cha Banalia ulikuwa unanuka hivi kila siku."

Tangu siku hiyo ikawa kazi yao wote wawili. Nasra alifunga kibanda mapema, akarudi Kabondo, akaketi mkekani na bisibisi na spana yake, na baba yake akasikiliza. Hakutaka kuona. Alifumba macho na kusema kaza, au rudisha, au rudisha nusu ya hiyo. Alitaka gari likiondoka itoke sauti fupi laini ya kuteleza, kisha kimya, kisha mwendo. Katikati ya kukaza na kulegeza alikuwa akisimulia: tajiri mmoja wa Buta aliyesafiri na kitanda chake, dereva aliyekula lituma, ndizi za kuponda, chungu kizima akashindwa kuingia nyuma ya usukani, jinsi walivyovuka mito ambayo madaraja yake yalikuwa magogo mawili. Nasra alikuwa akisikia tena ile sauti ya mtu aliyeogelea chali Aruwimi. Aliomba moyoni gari lisikamilike upesi.

Lakini lilikamilika. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja umekuwa potopoto, na Nasra akapakia tofali nyuma. Mzee alisukuma kijiti. Ikasikika ile sauti fupi. Tosepela likaondoka polepole, matairi yakizama na kutoka, likapanda kidogokidogo mpaka kwenye saruji ya kisima, likasimama bila kutikisa mzigo wake. Majirani waliokuwa wakitazama juu ya ukuta walipiga makofi.

Basi Nasra akaona wakati umefika wa ile zawadi aliyokuwa ameificha. Kwenye remote kulikuwa na kitufe ambacho hakuwa amemweleza baba yake. Chini ya bodi alikuwa ameweka vipaza sauti viwili vidogo, na kwa siku nyingi kibandani alikuwa akivisawazisha kwa masikio yake, kimoja kinene, kimoja chembamba, mpaka akaridhika.

"Papa, bonyeza hapa."

Alibonyeza. Honi ya Tosepela ikalia uani Kabondo, ndogo lakini yenyewe kabisa.

Remote ilimtoka mzee mkononi, ikaanguka juu ya saruji. Hakuitazama. Uso wake ulikuwa umekwenda mahali pengine. Akasema anataka kuingia ndani, na Nasra alipomshika kumsimamisha alihisi mwili wote wa baba yake unatetemeka, hata ule upande usiosikia.

Siku zilizofuata hakukaa barazani. Alilala ameelekea ukutani. Nasra alidhani ni kiharusi kingine, akamleta daktari, naye akampima na kusema hapana. Alimwuliza baba yake kama amemkosea, akajibiwa kwamba hakuna kosa. Gari lilikaa pembeni ya mlango na potopoto yake imekauka. Nasra alilizunguka kila alipopita, akajilaumu bila kujua anajilaumu kwa nini.

Ijumaa, baada ya sala, alipika lituma na samaki wa moshi kama mzee alivyopenda, akamletea ndani, akakaa naye. Papa Lukumani alikula kidogo. Kisha akasogeza sahani.

"Ile gari, Tosepela yenyewe, sikuipendaka, Nasra," alisema. "Ulitumika kazi muzuri, sikatae. Lakini sikuipendaka."

Nasra aliifunika sahani.

"Mama yako alikufa, mimi niko mu potopoto mbele ya Bengamisa. Gari nyuma ya gari, mvua haiache. Watu walituma habari, haikunifika. Tulipotoka pale, tulipofika ku barrière, kizuizi ya kuingia muji, tonton yako alikuwa ananingojea. Hakusema kitu. Nilimwangalia tu, nikajua. Walikuwa wamekwisha kumuzika, na siku zimepita."

Alivuta pumzi. Nasra alikumbuka tonton huyo, kaka mkubwa wa mama, ambaye naye alikwisha kufariki.

"Nikaendesha mpaka hapa. Ku kona, mukono ikapiga honi, desturi tu, mimi mwenyewe sikusikia kama nimepiga. Na wewe ukatoka mbio. Kiatu moja mu muguu. Ulikuwa unacheka, Nasra. Nikasema, kumbe huyu mutoto hawajamwambia. Donc ni mimi nitamwambia. Nilizima moteri na sikujua namna ya kushuka."

Nasra aliona ile siku yote. Hakuwa ameiona hivyo kabla. Kwake ilikuwa siku baba aliporudi, na shangazi zake walikuwa wametokea wakilia, na katika kelele ile hakuna mtu aliyemwuliza mtoto chochote. Alikuwa na miaka kumi.

"Nilijua, papa," alisema. "Nilikuwa naye mu chumba. Walinitoa wakati walikuja kumuosha. Nilijua yote. Lakini nilisikia honi, nikasahau. Ni ule wakati mufupi tu, mpaka nikafika ku gari."

Mzee aligeuza kichwa juu ya mto akamtazama.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Nilikuwa najua. Nilifurahi juu umekuja."

Mzee aliunyoosha mkono wake wa kushoto, ukapapasa hewani mpaka ukakipata kichwa cha Nasra, ukakaa pale juu ya kilemba chake. Walikaa hivyo. Nje watu walikuwa wakirudi msikitini, na muuza mkate alikuwa akipita akipiga kengele ya baiskeli. Nasra alilia kidogo, na hakujificha, kwa sababu baba yake naye alikuwa akilia.

Baadaye, alipokuwa akikusanya vyombo, Nasra alimwuliza kama kulikuwa na gari lolote alilowahi kulipenda.

"Peugeot," alisema hapohapo, kama mtu aliyekuwa akingojea kuulizwa. "Bâchée ya bluu. Haukuzaliwa bado. Mama yako aliiendeshaka."

Nasra alidhani ugonjwa umemchanganya. Mama yake, Mwanahamisi, katika kumbukumbu yake alikuwa mwanamke wa jikoni na wa sokoni, mwenye mikono yenye harufu ya mawese, aliyekuwa hata akiogopa kupanda toleka kwa sababu baiskeli inayumba. Lakini mzee hakuwa amechanganyikiwa. Alisimulia mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa pikapu ya mfanyabiashara wa mchele, yenye turubai nyuma, na yeye alikuwa kijana aliyeajiriwa kuiendesha. Mwanahamisi alisafiri humo kila juma kwenda Bengamisa kununua karanga. Kwanza alikaa nyuma pamoja na magunia. Kisha mbele. Walipooana alisema hataki kukaa tu kutazama miti, anataka kujua. Basi kila Ijumaa, mwenye gari akiwa msikitini na kisha nyumbani kwake amelala, Lukumani alikuwa akimpeleka mke wake kwenye barabara ya Simisimi, uwanja wa zamani wa ndege, mahali ambapo magari yalikuwa machache na njia imenyooka. Mwanahamisi alikuwa mgumu wa klachi. Aliiachia kama mtu anayetupa kaa la moto, na pikapu ikaruka, ikazimika, ikaruka tena, na yeye akicheka mpaka machozi. Lukumani hakumkaripia hata mara moja. Alimwambia aache mguu urudi wenyewe, polepole, mpaka gari lenyewe liseme sasa. Na siku moja gari lilisema sasa, na likaondoka bila mtu kuhisi kwamba limeondoka.

"Aliendesha mpaka Bengamisa," mzee alisema. "Mimi niko kando, nimefunga mikono kama patron mwenye gari. Askari wa barrière akaniuliza wewe ni nani. Nikasema, mimi ni convoyeur wake, musaidizi wake tu."

Baadaye mfanyabiashara aliuza pikapu. Lukumani akapata kazi ya lori, na mwenye lori hakutaka wake za madereva wapande. Mwanahamisi hakugusa usukani tena. Hilo mzee alilisema kwa sauti ya chini, akaomba alazwe.

Asubuhi yake Nasra aliondoa bodi ya Tosepela kwa uangalifu, akafungua waya za honi, akavitia vyote kwenye gunia na kuvipeleka kibandani, akaviweka juu ya rafu. Fremu, mota na klachi vilibaki kama vilivyokuwa, ila aliifupisha fremu kidogo nyuma. Kisha akaanza kukata bati upya.

Hakukuwa na picha. Kulikuwa na mzee tu, aliyekuwa amerudi barazani na kukataa. Pua hiyo ni fupi. Taa haziko hapo. Bluu hiyo hapana, hiyo ni bluu ya gari jipya, na yao ilikuwa imekwisha kuliwa na jua. Nasra alichanganya nyeupe, akapaka, akasugua kwa msasa. Bado. Akasugua zaidi. Mlango wa dereva, alikumbuka mzee siku nyingine, haukuwa wa bluu hata kidogo, ulikuwa wa kijivu, umetoka kwenye gari lingine. Turubai Nasra alilishona kutoka suruali kuukuu ya kaki ya baba yake, na hilo lilipita bila neno. Kila siku alipata kipande cha mama yake pamoja na kipande cha gari: kwamba alikuwa akiendesha amevua viatu, kwamba alisukuma kiti mbele sana kwa sababu ya ufupi, kwamba alikuwa akizungumza na gari kwa adabu, akiliita bwana. Nasra alikuwa amemjua mama yake kwa miaka kumi, na alikuwa akidhani hakuna zaidi cha kumjua.

Pikapu ilipokwisha, mzee hakutaka kuijaribu uani. Alitaka Simisimi.

Nasra alikodi teksi siku ya Ijumaa alasiri. Barabara ilikuwa na watu zaidi kuliko zamani, pikipiki zikipita, na nyumba zilikuwa zimesogea pande zote mbili, lakini mbele kidogo walipata njia pembeni, imenyooka, yenye nyasi kingoni. Dereva wa teksi alitoa kiti cha plastiki, mzee akaketi, ile fimbo ya hospitali mapajani. Nasra aliweka pikapu chini. Akamtia baba yake remote mkononi, na mzee akairudisha mkononi mwa binti yake.

"Hapana," alisema. "Wewe. Mimi niko kando."

Nasra alikuwa ameijaribu mara elfu kwenye meza, magurudumu hewani. Lakini sasa kidole chake kilikuwa kizito. Alisukuma kijiti, pikapu ikajikwaa, ikasimama.

"Polepole. Usiitupe. Acha irudi yenyewe."

Alisukuma tena, taratibu kama pumzi. Sauti fupi ya kuteleza, kisha kimya. Pikapu ya bluu iliyofifia ikaondoka, mlango wake wa kijivu ukionekana upande wao, turubai likitikisika kwa upepo. Ilikwenda. Nasra aliigeuza mbali, ikarudi, akaipeleka tena, kila mara mbali zaidi. Baba yake hakusema kaza wala rudisha. Alikuwa ameegemea mbele, kidevu juu ya fimbo, na midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti. Nasra hakumwuliza anasema nini, wala na nani.

Dereva wa teksi alitaka kujua gari hilo limenunuliwa wapi. Mzee alimjibu kwa fahari kwamba halikununuliwa, binti yake amelifanya, na lina embrayage ndani, na kama hana haraka ataelezwa namna inavyofanya kazi. Dereva hakuwa na haraka. Papa Lukumani akaanza kueleza kwa viganja, kimoja kizima, kimoja kikisaidiwa na kingine.

Pikapu ilikuwa mbali, karibu na mti wa mwembe ulioinama, ilipoanza kupunguza mwendo. Ikaenda kidogo, ikasimama. Nasra alisukuma kijiti bila faida.

"Betri imekwisha, papa. Ngoja niende niichukue."

Alikuwa ameshapiga hatua aliposikia kiti cha plastiki kikikwaruza nyuma yake. Mzee alikuwa amesimama, fimbo mkononi, mguu wa kulia umekaa vibaya, na dereva wa teksi amenyoosha mikono bila kujua amshike wapi. Papa Lukumani alimkataa kwa kichwa. Tangu augue hakuwa amevuka uwanja wa nyumba yake kwa miguu.

"Tunaenda wote," alisema.

Nasra alirudi akasimama upande wake wa kulia, bila kumgusa, karibu tu. Baba yake aliweka fimbo mbele, akauvuta mguu, akapumzika, akaweka fimbo tena. Njia ilikuwa ndefu kwa mtu wa namna hiyo. Pikapu ilikuwa imesimama kule mbele, ndogo kabisa, na wao wakaifuata.